Wamerudi

Wakazi wa Munje, kijiji kilicho jirani na Msambweni katika pwani ya kusini ya Kenya, wamezoea tangu jadi kupokea wageni watokao baharini. Upepo wa kaskazi unapoanza kuvuma mwishoni mwa mwaka, wavuvi wa Pemba huja na vyombo vyao, wakapiga dago ufuoni, wakavua, wakaanika na kuuza samaki, na kusi inapokaribia wakarejea kwao. Baadhi yao hawarejei. Huoa, hupanda minazi, huzika wazee wao papo hapo. Kamusi hulifasiri neno dago kwa ufupi kuwa ni kambi ya wavuvi. Hazisemi kwamba dago ni makao ya mtu ambaye hajahama wala hajakaa, na kwamba kwa miaka mingi hakuna aliyeona haja ya kumwuliza mtu huyo yuko upande gani.

Haja hiyo ilizuka mwaka 2001.

Uchaguzi mkuu wa Zanzibar wa tarehe 29 Oktoba 2000 ulivurugika, ukarudiwa katika majimbo 16 tarehe 5 Novemba, na chama cha CUF kikakataa kuyatambua matokeo yake. Tarehe 27 Januari 2001 wafuasi wa chama hicho waliandamana Unguja na Pemba, ilhali serikali ilikuwa imeyapiga marufuku maandamano yenyewe. Polisi wakafyatua risasi. Tume iliyoongozwa na Brigedia Jenerali mstaafu Hashim Mbita ilikuja kutaja vifo 31. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu visivyopungua 35. Katika siku na wiki zilizofuata watu zaidi ya 2,000 waliuvuka mkondo wa Pemba, mwendo wa takriban kilomita 50 za bahari yenye kina kirefu, wakashukia Shimoni. Wengi walikuwa wanaume, lakini wanawake na watoto walikuwamo. Tanzania, ambayo wakati huo ilikuwa ikiwahifadhi mamia ya maelfu ya Warundi na Wakongo upande wa Kigoma, ikajikuta nayo inatoa wakimbizi.

Msomaji azingatie kwamba mwezi wa Januari ni katikati ya kaskazi. Vyombo vilivyowaleta watu hao vilikuwa vilevile vya dago, vikiongozwa na manahodha walewale, vikitua katika fuo zilezile. Ikawa vigumu kusema, kwa kulitazama tanga tu, nani amekuja kuvua na nani amekuja kuponea.

Kijana mmoja wa Munje alikuwa ndiyo kwanza amemaliza mtihani wa kidato cha nne, naye akingojea matokeo. Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Shirika moja la misaada lilimwajiri kwa malipo ya siku, likampa daftari la jalada gumu na kalamu mbili, likampeleka Shimoni. Daftari lilikuwa limepigwa mistari ya safu sita: jina la mkuu wa familia, umri, shehia aliyotoka, idadi ya watu alio nao, tarehe ya kufika, na mwendo. Safu tano za kwanza ziliandikwa mara moja. Hiyo ya sita ndiyo iliyokuwa kazi. Kila asubuhi alitakiwa apite katika vibanda na maturubai, ahesabu vichwa, aone nani yupo na nani hayupo, na kwa asiyekuwapo aandike amekwenda wapi.

Kazi hiyo haikuwa ya uadui, na si haki kuisimulia kana kwamba ilikuwa hivyo. Unga na maharage hupimwa kwa vichwa. Mtoto aliyepotezana na mama yake hupatikana kwa sababu kuna mtu aliyeandika kwamba mama yuko mahali fulani. Aidha, Kenya ya mwaka 2001 haikuwa na sheria yake mahususi ya wakimbizi. Sheria hiyo ilipitishwa mwaka 2006. Ilikuwa imeridhia Mkataba wa Geneva wa 1951 na ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, lakini mikataba haishiki ndoo wala haipangi foleni. Pale ufuoni, kilichomtenganisha mkimbizi na mtu aliyeingia nchini bila idhini kilikuwa ni jina lake kuwamo katika orodha. Wapo waliolielewa hilo wakasukumana ili waandikwe kwanza. Wapo pia walioogopa kwamba orodha ina miguu, kwamba itavuka bahari usiku na kuwafikia wale waliowakimbia. Hao walitoa majina ya babu zao, na kijana akayaandika.

Hakuchaguliwa kwa mwandiko pekee. Mama yake alikuwa Mpemba, na yeye alikuwa amekisikia Kipemba tangu akiwa mgongoni. Msimamizi wake, mtu wa bara aliyekuja na Kiswahili cha vitabuni, alikuwa akiuliza swali, anajibiwa kwa heshima zote, na haelewi jibu. Kijana akawa sikio lake. Wasomi wa lahaja watakumbuka kwamba mwaka 1958 ulichapishwa utafiti wa H. E. Lambert kuhusu Kichifundi, lahaja ya pwani hii ya kusini, na mwaka huohuo ukachapishwa ule wa W. H. Whiteley kuhusu lahaja na tungo za Pemba. Aliyevisoma vitabu hivyo mwaka ule alisoma habari za majirani waliokuwa chini ya Sultani mmoja. Ukanda wa maili kumi wa pwani ya Kenya ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiuendesha kwa kumlipa, hata Oktoba 1963 ilipokubaliwa kwamba ungekuwa sehemu ya Kenya. Zanzibar ikapata uhuru tarehe 10 Desemba mwaka huo, Kenya tarehe 12. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yakatokea Mapinduzi, na wengine wakavuka. Mpaka wa baharini kati ya Kenya na Tanzania wenyewe uliwekwa kwa maafikiano ya barua za serikali mbili mwaka 1975 na 1976.

Mama yake kijana aliletwa Munje akiwa bi harusi katika kaskazi ya mwaka 1961. Alipoulizwa alivukaje mpaka, alijibu kwamba alipokuja yeye palikuwa na bahari tu.

Jibu hilo halikumfaa kitu. Miaka mingi baadaye alipokwenda afisi moja kuomba kitambulisho aliulizwa kabila lake, akasema Mpemba, akaambiwa kabila hilo halimo. Jambo hili liliwakuta Wapemba wengi wa Kwale, Kilifi na Lamu, na wengi walilipatia dawa: walijiandikisha kuwa Wabajuni au Wadigo, wakajifunza kuvuta maneno kama wenyeji walivyoyavuta, wakawakanya watoto wasiseme Kipemba mbele ya karani. Yeye alikataa kubadilisha babu zake. Akaishi Munje miaka arobaini bila kipande cha karatasi, akilima, akisuka makuti, akizaa. Mumewe, mwenyeji, alipofariki, alibaki na nyumba ambayo hakuweza kuandikiwa kwa jina lake. Kwa hiyo mwaka 2001 mtoto wake aliyekuwa akiwaandika Wapemba wa Shimoni alikuwa na Mpemba mmoja nyumbani ambaye hajaandikwa popote.

Kuelekea mwisho wa Februari vichwa vilianza kupungua. Asubuhi moja turubai lingekutwa limekunjwa vizuri, sufuria imerudishwa kwa mwenyewe, na watu hawapo. Wengine walikuwa wamerudi Pemba baada ya kusikia kwamba shehia yao imetulia. Wengine walikwenda Mombasa. Wengine walitawanyika kimyakimya katika vijiji vya pwani walimokuwa na shangazi, mjomba au mshirika wa dago. Msimamizi alikuwa akihimizwa na wakubwa zake atoe hesabu isiyo na mashimo, naye akamhimiza kijana. Safu ya sita isiachwe wazi.

Jumamosi moja kijana alipata ruhusa akaenda Munje. Alipozunguka nyuma ya nyumba alikuta moshi wa jikoni mkubwa kuliko kawaida, na watoto ambao hawakuwa wa kijiji wakimenya muhogo. Aliwajua wote. Walikuwa katika ukurasa wa nne wa daftari lake: watu sita, waliofika tarehe 30 Januari. Baba yao alikuwa mtoto wa kaka wa mama yake. Pale Shimoni walikuwa wameamkiana kama watu wasiojuana sana, kwa kuwa binamu mwenyewe ndiye aliyeonyesha kwa macho kwamba ndivyo anavyotaka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Wageni wako hawa, wamekuja juzi usiku."

"Hawa nimewaandika, Mama."

"Umewaandika nani?"

"Wakimbizi."

"Basi kafute. Mtoto wa kaka yangu akija kwangu anakimbia nini tena? Amefika."

Inafaa kutua kidogo penye neno hilo, kwa kuwa wanaosoma kurasa hizi ni watu wa lugha. Mkimbizi ni nomino ya mtendaji. Imejengwa kama mwizi na mlevi: humtaja mtu kwa tendo alitendalo, na kuacha nje kabisa kile kilichomkimbiza. Haisemi pia tendo hilo hukoma lini. Mgeni ana kikomo; wahenga walimpa siku mbili na ya tatu wakampa jembe, na kwa kumpa jembe wakamfanya mwenyeji. Mkimbizi hapewi jembe katika sarufi. Bi mkubwa yule, ambaye hakusoma darasa lolote ila la chuoni, aliliona pengo hilo upesi kuliko wengi waliohitimu.

Lakini binamu hakuwa na nafasi ya kuzungumzia maneno. Alimwita kijana kando, chini ya mwembe, akamwambia kwamba amesikia watu watapelekwa Dadaab, huko kwenye kambi za Wasomali, mbali na bahari, na kwamba yeye hajui kazi yoyote isiyo na maji. "Yakhe, usinitaje," alisema. Hakusema zaidi.

Kijana alikaa na daftari usiku kucha. Angeandika kwamba wamehamia Munje, na hiyo ndiyo iliyokuwa kweli. Lakini karatasi ile ilisomwa na watu wengi kabla ya kufika ilikokuwa ikienda. Aliyefuata familia ile hadi Munje angemkuta mwenye nyumba, na mwenye nyumba angeombwa kitambulisho. Kumtaja binamu kulikuwa ni kumtaja mama. Angeweza pia kuandika kwamba hajulikani alipo, lakini msimamizi alikuwa amekwisha kukataa jibu hilo mara mbili, kwa kuwa lilizua maswali huko juu. Alfajiri akaandika neno moja: Wamerudi.

Alijitetea moyoni kwamba hakusema uongo. Kitenzi hakikudai kielezi. Wamerudi kwa nani, wapi, havikuulizwa. Na aliyekwenda kwa shangazi yake, alijiambia, amerudi kwao kuliko aliyebaki chini ya turubai. Msimamizi aliusoma ukurasa, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaupeleka.

Hapo pangekuwa mwisho wa kisa, kama si kwamba hesabu hazikai kimya. Kila mwisho wa wiki safu ya sita ilijumlishwa, na jumla ikatangazwa: familia kadha wamerudi, kutoka shehia kadha. Nia ilikuwa njema, watu wajue hali ya kwao inavyokwenda. Siku chache baadaye mzee mmoja wa shehia ileile ya binamu, mtu aliyekuja na wajukuu watatu, alimjia kijana akavua kofia.

"Mwanangu, nimesikia wa kwetu wamerudi. Kweli?"

Kijana alitazama daftari. "Ndivyo ilivyoandikwa, Babu."

Kauli ya kutendwa haikupata kumsitiri mtu kama ilivyomsitiri yeye siku hiyo. Aliyeandika alikuwa ameishika kalamu, na bado sentensi ilipita bila mtendaji. Mzee alishukuru. Alisema yule baba wa watoto wanne ni mtu mwangalifu, hawezi kurudisha watoto penye hatari. Ikiwa yeye amerudi, basi pamepoa. Usiku wa pili mzee na wajukuu wake hawakuwapo, na safari hii wamerudi lilikuwa na maana moja tu.

Kijana alikuwa na siku mbili za kusema. Angemwambia mzee kwa siri, na siri ingetembea kambini hadi jioni, na jioni ingefika Munje. Hilo alilipima, akanyamaza. Wanaomjua wanasema kwamba hata leo hapendi kuambiwa kwamba hakuwa na la kufanya.

Kwa miezi mingi hakupata habari. Akapata matokeo ya mtihani, akaingia chuo cha ualimu. Shimoni kukatulia, wengi wa waliokuwapo walirejea Pemba mwaka huohuo, na tarehe 10 Oktoba 2001 CCM na CUF wakatia saini Muafaka wao. Wachache waliokataa kurudi walihamishiwa Dadaab kama ilivyosemwa. Miongoni mwao wapo ambao hawakuyaweza maisha ya kule, wakaendelea kuelekea kaskazini hadi Somalia, wakatafuta maficho Mogadishu, mji ambao wenyeji wake walikuwa wakitafuta maficho Kenya. Baadhi yao walirudishwa Zanzibar mwaka 2012. Aliyewahi kuwa na kazi ya kufuatilia nyendo za watu na aieleze safari ya namna hiyo katika safu moja, kama anaweza.

Kaskazi iliyofuata mvuvi mmoja aliyepiga dago Munje alileta habari za mzee. Alifika salama. Aliikuta nyumba ya jirani yake mwangalifu imefungwa, akabisha, akangoja, kisha akaelewa kwamba hakuna aliyerudi. Kwa wiki kadhaa hakulala kwake. Yeye na wajukuu walilala shambani, chini ya mikarafuu. Hapakutokea lolote baya. Mvuvi aliisimulia kama mzaha, na waliokuwa kwenye barza wakacheka, kwa kuwa mzee alikuwa hai na mzaha uliruhusiwa. Mwalimu mwanafunzi aliondoka barazani kabla ya chai kumiminwa.

Binamu hakuondoka Munje. Alipata nafasi katika mashua ya watu, kisha akajenga, na mwaka 2002 mkewe akajifungua binti. Walizoeleka hata kijiji kikasahau kwamba walikuja.

Serikali haikusahau, au tuseme haikupata kujua. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 ilifungua mlango kwa watu wasio na uraia wa nchi yoyote ambao walikuwamo Kenya tangu uhuru, pamoja na vizazi vyao. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji, walipita katika mlango huo baada ya kuandamana kutoka Kwale hadi Nairobi mwezi wa Oktoba 2016. Zamu ya Wapemba ilikuja mwaka 2023, walipotambuliwa kuwa jamii mojawapo ya Kenya. Mama yake mwalimu alipelekwa akiwa anashikwa mkono. Alama za vidole vyake zilikataa kutoka, kwa kuwa vilikuwa vimesuguliwa na makuti na jembe la miaka sitini. Karani akavipangusa, akavipaka wino upya, mara ya tatu zikatoka. Palipoandikwa kabila alisema Mpemba, na kalamu ikaandika.

Binamu alikuja na binti yake wiki iliyofuata. Akaulizwa aliingia lini, akasema mwaka 2001, kwa kuwa alikuwa amechoka kusema vingine. Hiyo haikuwa kabla ya uhuru. Kesi yake, aliambiwa, si ya Wapemba wa zamani. Labda ni ya ukimbizi, na kama ni ya ukimbizi alete lolote lililoandikwa wakati ule, lenye jina lake, linaloonyesha alipokelewa na hakuondoka. Binti alikuwa na miaka 21. Alikuwa amesoma hadi kidato cha nne, na bila kitambulisho hakuna alikoweza kwenda kutoka hapo.

Karatasi rasmi za Shimoni zilikwenda na wenyewe. Daftari la kwanza, lile la jalada gumu, lilibaki kwa mwandishi wake, kwa kuwa hakuna aliyelidai. Lilikuwa katika sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na vyeti na maazimio ya kazi ya shule. Binamu alilijua. Alikuja jioni akakaa mkekani, binti akakaa nyuma yake, Bi mkubwa akaletwa kitini, na mwalimu akaufungua ukurasa wa nne. Wino ulikuwa umegeuka rangi lakini herufi zilikuwa bado nzuri, zimesimama wima, kila moja peke yake.

"Tusomee basi, Mwalimu," alisema binamu.

Akasoma jina. Akasoma umri, shehia, watu sita, tarehe 30 Januari 2001. Akanyamaza.

Binamu akasogea, akauliza kama ukurasa umechanika.